Sura ya Saba: Ukurasa Uliotundikwa Chooni

Kuna watu wanaoweza kukutukana kwa kukukaribisha tu, na Bi. Philippa Thorburn wa Kew, mtaa wa matajiri, alikuwa bingwa wao. Alipompokea Rosalba Zanin mlangoni Jumapili ile ya baridi ya Agosti, alimbusu hewani karibu na shavu, akazipokea chupa mbili za mchuzi wa nyanya alizoletewa, akazishika shingoni kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota panya, kisha akaenda kuzitua sakafuni kando ya mashine ya kufulia.

"Mama yako kahangaika bure," alisema. "Sisi nyanya hatuli sana."

Mchuzi ule ulipikwa Shepparton, kwao Rosalba, mwezi wa pili, ukoo mzima wa Zanin ukiwa uani tangu alfajiri, na mama yake Rosalba alizichagua chupa zile mwenyewe, akazipangusa, akazifunga utepe. Rosalba aliuona utepe ukiburuzika sakafuni. Alijiambia avumilie. Harusi ilikuwa mwezi wa kumi na moja, Angus alikuwa anampenda, na mtu haolewi na mama mkwe.

Mezani walikuwa watatu tu, maana Mzee Thorburn alikuwa Perth kwa shughuli zake. Angus ndiye aliyeukata mguu wa kondoo. Alikuwa na mikono mirefu, safi, yenye utulivu wa mtu aliyezoea kushika vitu vya thamani, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuuza ramani na picha za kale. Rosalba aliipenda mikono ile kabla hajalijua jina la mwenye nayo. Hata sasa, miaka miwili baadaye, Angus alipompitishia sahani na vidole vyao vikagusana, moyo wake uliruka kama wa msichana wa sekondari.

"Hebu niambie, binti," Bi. Philippa alianza. "Angus aliposema unasomea udaktari nilifurahi kweli. Kumbe si wa dawa."

"Si wa dawa, Bi. Philippa. Ninasomea hadithi za upelelezi. Jinsi zilivyobadilika toka zilipoanza."

"Za mauaji."

"Mara nyingi, ndiyo."

"Mtu mzima, chuo kikuu, miaka mitatu, anasoma nani kamuua nani!" Bi. Philippa alicheka, akajipangusa mdomo kwa kitambaa. "Sisi hizo tunazisoma ufukweni. Tukimaliza tunawaachia wafagiaji wa hoteli."

"Mama," Angus alisema.

"Nauliza tu jamani! Nataka nijifunze."

Rosalba aliweka uma chini. Mtu akimchokoza kuhusu baba yake anayefunga makopo kiwandani alinyamaza, lakini akichokozwa kuhusu kazi yake hakuweza. "Zamani, Bi. Philippa, muuaji kwenye hadithi alikamatwa kwa ndoto, au kwa mzimu, au dhambi ilimlemea akapiga magoti akakiri mwenyewe. Mpelelezi hakuwa na kazi. Baadaye ndipo waandishi wakaanza kusemesha vitu: majivu, tope la kiatu, barua iliyochanwa. Na baadaye zaidi wakajiwekea sheria kwamba kila alichokiona mpelelezi, msomaji naye akione, asipunjwe. Mimi natafuta ni lini hasa kukiri kulikoma na ushahidi ukaanza kusema wenyewe. Watu wote wanataja London. Mimi nadhani ni hapa, kwenye machimbo ya dhahabu, mwaka 1869, na aliyeanzisha ni mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Alijiita Bi. W. tu. Aliandika hadithi kwenye gazeti la kila wiki, *Mjumbe wa Machimbo*. Inaitwa 'Taa Shimoni', ina sehemu ishirini na mbili. Mjane mwenye nyumba ya wageni anamsaka muuaji wa mchimba dhahabu. Anaokota nta ya mshumaa, kifungo, risiti, anavitia vyote kwenye kisanduku cha bati. Sehemu ya ishirini na moja inaisha anapowaita watu wote ukumbini, anakiweka kisanduku mezani."

"Halafu?" Bi. Philippa aliuliza, na kwa mara ya kwanza siku ile alisahau kudharau.

"Halafu sijui. Nakala pekee iliyobaki iko maktaba ya kijiji cha Mount Farrow, na ukurasa wa mwisho umeibwa. Akikifungua kisanduku akawaonyesha, nimeshinda. Tasnifu yangu yote imeegemea hapo. Natakiwa kuikabidhi mwisho wa mwezi, na nimeandika kwamba *bila shaka* alikifungua. Msimamizi wangu kila akifika kwenye hilo 'bila shaka' analizungushia wino mwekundu."

"Mama, mchuzi wa mnanaa uko wapi?" Angus aliuliza.

"Uko mbele yako, mwanangu."

Ulikuwa mbele yake kweli, kwenye bakuli la fedha, amekwisha kuumimina mara mbili. Rosalba alimtazama kwa huruma. Alidhani mpenzi wake ana woga kwa ajili yake.

Keki ya ute wa yai ilipoletwa, yenye pasheni juu, Rosalba aliomba aonyeshwe maliwato.

"Cha chini kimeziba tangu jana," Bi. Philippa alisema. "Panda juu, tumia changu. Mlango wa mwisho."

"Si afadhali aende kile cha nyuma, karibu na bwawa?" Angus alisema haraka.

"Kwenye baridi hii? Una nini leo wewe?"

Choo cha Bi. Philippa kilinukia lavenda, na sabuni zake zilikuwa na umbo la kombe la baharini, nazo mgeni hathubutu kuzilowesha. Rosalba hakuwa na haja kubwa. Alitaka kukaa dakika mbili mahali ambapo hakuna anayezitazama nguo zake. Alikaa, akashusha pumzi, akainua macho.

Mbele yake, kati ya taulo na dirisha, ilitundikwa fremu. Ndani yake, katikati ya vioo viwili, palikuwa na ukurasa wa gazeti kuukuu wenye picha ya kuchongwa: mwanamke mwenye taa amesimama ukingoni mwa shimo la mgodi. Juu yake maandishi yalisema, *Taa Shimoni. Sehemu ya Ishirini na Mbili, na ya Mwisho.*

Hakupiga kelele. Alijifunga vizuri kwanza, akanawa mikono, akaikausha, kwa sababu hivyo ndivyo alivyofundishwa kabla ya kugusa karatasi ya zamani. Kisha akaishusha fremu, akaipeleka dirishani penye mwanga. Ukingo wa kushoto haukuwa umekatwa kwa wembe. Ulikuwa laini, wenye manyoya, na karibu na mstari wa sita ulipinda kama kiwiko. Alitoa simu yake. Picha ya kipande cha ukingo wa ukurasa kilichobaki kwenye jalada la Mount Farrow alitembea nayo miaka miwili, ameitazama mpaka anaijua kuliko uso wake. Kiwiko kilikaa kwenye kiwiko. Muhuri wa samawati wa maktaba ulikuwa nusu kwenye picha na nusu kwenye fremu, na ukiziunganisha unapata duara zima.

Akausoma. Haukuwa mrefu. Ukumbini watu wameketi, kisanduku kipo mezani, mjane ameshika ufunguo. Na kabla hajauingiza, daktari wa machimbo anaanguka kwa magoti, analia, anakiri yote. Mjane anamsamehe. Kengele za kanisa zinalia. Kisanduku hakikufunguliwa.

Rosalba alikaa ukingoni mwa beseni la kuogea. Miaka mitatu ya kazi ilikuwa imemkatikia mikononi, na bado hilo silo lililomkalisha pale. Kilichomkalisha ni ule ukingo wenye manyoya. Mtunza nyaraka mmoja alimweleza zamani jinsi wezi wa vitabu wanavyofanya. Unachukua uzi wa sufu, unautia mdomoni, unautafuna hadi ulowe chapachapa kwa mate. Unaulaza kwenye mshono wa kitabu, unakifunga, unasubiri kama robo saa. Ukikifungua, ukurasa unatoka wenyewe bila sauti, kama ngozi ya kidole kilichokaa majini.

Na siku ile Mount Farrow, siku ya kwanza walipokutana, Angus alikuwa meza ya pili na jalada lake, shavu limetuna. Rosalba alimuuliza anakula nini, akamwambia ni peremende. Alikuwa anamtazama, mara kwa mara, kwa macho yale ya kijivu, mpaka Rosalba akashindwa kusoma. Jioni, kwenye maegesho ya magari, alimbusu. Na Rosalba akatoa unyoya wa sufu kwenye ulimi wake, wakacheka wote wawili, Angus akasema ni wa skafu yake. Kisa hicho amekisimulia kwenye sherehe ya uchumba mbele ya watu sitini! Busu letu la kwanza lilikuwa na sufu! Watu wakapiga makofi.

Alipiga magoti mbele ya choo cha Bi. Philippa akatapika mguu wa kondoo, mnanaa na mapenzi ya miaka miwili. Wahenga walisema ukipenda, chongo huita kengeza. Yeye chongo alikuwa amemwita nyota.

Alishuka ngazi ameibeba fremu kifuani. Bi. Philippa alikuwa anajikatia kipande cha pili cha keki.

"Jamani, umeipenda?" alisema. "Hiyo nililetewa na Angus nilipotimiza sitini. Kila mgeni wa kike anaisifu. Lakini hatuazimishi, binti."

Angus alisimama. Uso wake ulikuwa mweupe kama kile kitambaa cha meza.

"Rosa, twende nje tukaongee."

"Tuongee hapa hapa. Mama ataka kujifunza."

"Kuna nini?" Bi. Philippa aliuliza.

"Hiki ndicho kipande cha mwisho nilichokuwa nakueleza, Bi. Philippa. Kimeibwa kwenye maktaba ya umma. Muhuri huu hapa. Kimetundikwa mbele ya choo chako, nawe unakitazama kila asubuhi."

Bi. Philippa aliitazama fremu, akamtazama mwanawe, na Rosalba aliona wazi kwamba mwanamke yule hakujua. Kwa muda mfupi sana alimwonea huruma. Huruma ile haikudumu.

"Basi ni ukurasa mmoja tu wa gazeti," Bi. Philippa alisema, akairudia keki yake. "Kuna mtu amekufa? Maktaba za vijijini zinaozesha vitu hivi, panya wanavila. Hapa angalau kimewekwa kwenye kioo. Angus, waandikie mchango mzuri, mambo yaishe."

"Mzee Merv Tully amenyang'anywa funguo kwa sababu ya ukurasa huu!" Sauti ya Rosalba ilipanda bila ruhusa yake. "Miaka thelathini na moja anaitunza maktaba ile bure, hapokei chochote. Kamati ya maktaba ikamwambia, kama hukutoka chumbani, na mtu hakuachwa peke yake, basi mwizi ni wewe. Sasa wanakijiji wenzake wanavuka barabara wakimwona. Angus, ulikuwa unajua. Nilikuja kwako nikilia juu ya yule mzee, ukanipikia supu!"

"Rosa, nakuomba. Nje."

Alimfuata nje, si kwa kuombwa, bali kwa kuwa harufu ya kondoo ilikuwa inamrudishia kichefuchefu. Bustanini baridi ilikuwa kali na kasuku wa rangi rangi walikuwa wanagombana kwenye mti wa maua mekundu. Angus alimsogelea. Mikono yake mirefu ilinyooka kumshika mabega, na Rosalba alirudi nyuma hatua mbili.

"Usiniguse."

"Sikukujua bado," Angus alisema. "Ulikuwa tu mtu wa meza ya pili. Mama anatimiza sitini, sina zawadi, picha ile ilikuwa nzuri, na hakuna mtu aliyefungua jalada lile miaka hamsini. Ndivyo nilivyodhani. Wiki iliyofuata ukanipigia simu unalia, unasema sehemu ya mwisho haipo. Ningesema nini? Ningekupoteza kabla sijakupata."

"Na mwaka uliofuata? Na wakati wa kunivisha pete?"

"Kila siku ilikuwa ngumu zaidi."

"Nijibu kitu kimoja. Siku ile ulikuwa unanitazama. Nikidhani... mimi nikidhani ni mambo ya moyo. Ulikuwa unanitazama kwa nini?"

Angus alitazama chini. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia pale kwenye majani.

"Mwanzoni," alisema polepole, "ilikuwa ili uniangalie usoni, usiangalie mikono. Lakini mwanzoni tu, Rosa! Baada ya nusu saa nilikuwa nimependa kweli. Naapa."

"Nusu saa. Ukiwa na uzi mdomoni."

"Usiseme hivyo."

"Mdomo huo huo ukaniletea mimi. Ukanibusu na mate ya wizi, Angus. Nikakumeza." Alijifuta midomo kwa mkono wa sweta, kwa nguvu, kama mtoto. "Sijui nijisafishe kwa kitu gani."

Alidhani Angus angenyamaza hapo. Mtu mwenye haya angenyamaza. Lakini Angus alitazama nyuma dirishani, akashusha sauti, na uso wake ukapata ule upole ambao Rosalba aliujua, upole wa kumtafutia mtu bei nzuri.

"Umeusoma?" aliuliza.

"Nimeusoma."

"Basi sasa unaelewa. Mimi niliusoma zamani. Nikakusikia mwaka mzima unaeleza habari ya kisanduku, macho yanawaka, nikasema nitamwambiaje? Nimekulinda, Rosa. Bila ukurasa huu kisanduku kinafunguka. Ukiwepo, hakifunguki. Ni mimi na wewe tu tunaojua, na mama hasomi. Leo hii nautoa kwenye fremu, nautia motoni pale sebuleni. Unakabidhi tasnifu yako. Unakuwa Daktari Rosalba. Tunaoana. Mzee Merv ana miaka themanini kasoro, jamani, funguo zile angezirudisha tu."

Na hapo ndipo kinyaa kilipomjaa hasa. Alifikiri amekwisha kuchukizwa kule juu chooni, kumbe ile ilikuwa salamu. Kwa kuwa kwa sekunde moja, na alijua itamuuma maisha yake yote, alikuwa ameuona moto. Ameuona ukurasa unajikunja na lile 'bila shaka' linabaki bila wino mwekundu. Mtu huyu alikuwa amemfahamu vya kutosha kujua mahali pa kumgusa. Ndivyo walivyokuwa wamefundishana miaka miwili.

"Unanijua vizuri," Rosalba alisema.

"Nakupenda."

"Hapana. Unajua kupima bei ya vitu. Umenipima na mimi." Aliishika fremu vizuri zaidi. "Nitaandika kwamba hakikufunguliwa. Nitaandika kwamba mjane alikuwa na ufunguo mkononi na mwandishi akaogopa. Nikifeli, nifeli na changu. Bora nirudi Shepparton nikafunge makopo na baba kuliko kuitwa daktari kwa majivu."

Angus alianguka kwa magoti. Kweli kabisa, kwenye majani yenye maji, suruali yake nzuri ikalowa.

"Nakiri! Nimekosa, nakiri kila kitu, unataka niseme nini zaidi? Nisamehe!"

"Simama, Angus. Unaigiza mwaka 1869. Siku hizi mtu akikiri hadithi haiishi. Iandikie kamati ya maktaba barua, utie sahihi, ndipo ukiri. Kwangu mimi ushahidi umetosha."

Aliingia ndani kuchukua koti. Pete ilikataa kutoka. Vidole vilikuwa vimevimba kwa baridi na hasira, akawa hana budi kwenda jikoni, akamimina sabuni ya vyombo, akaivuta chini ya bomba huku Bi. Philippa amesimama mlangoni.

"Isidumbukie humo," Bi. Philippa alisema. "Ilikuwa ya bibi yake."

Pete ilitoka na ngozi kidogo. Rosalba aliiweka kwenye kishikio cha sponji.

"Mimi tangu mwanzo nilimwambia Angus hamfanani," Bi. Philippa aliendelea. "Sikusema kwa ubaya."

"Ulisema kweli, Bi. Philippa. Hatufanani kabisa. Na hii fremu naondoka nayo, ukitaka waite polisi, nami nitawasubiri pale njiani." Rosalba alipita penye mashine ya kufulia, akaokota chupa zake mbili za mchuzi, akatoka.

Alifika Mount Farrow jua likiwa bado juu ya vilima vya mawe ya machimbo. Njia nzima hakulia. Alifungua dirisha, akasukutua mdomo kwa maji ya chupa, akatema, akasukutua tena, mpaka chupa ikaisha.

Mzee Merv alikuwa ubavuni mwa nyumba yake ya mabati, anapalilia vitunguu, ameziba masikio kwa kofia ya sufu juu ya vifaa vyake vya kumsaidia kusikia. Alikuwa amekonda. Alipoona gari la Rosalba hakutabasamu kama zamani, ila hakununa pia. Alisimama tu na jembe lake dogo.

"Mzee Merv, nimekuletea kitu."

Aliiona fremu kabla hajakabidhiwa. Hakuigusa. Alikwenda bombani, akasugua mikono kwa muda mrefu, hadi kwenye kucha, akaipangusa kwenye shati, ndipo akapokea. Aliutazama muhuri. Aliutazama ule ukingo. Rosalba akaanza maneno yote aliyoyapanga njiani, kwamba atakwenda naye kwa kamati kesho, kwamba ana picha, kwamba jina lake litasafishwa.

"Umeirudisha," Mzee Merv alisema. "Vizuri, binti. Vizuri sana. Sikumwambia mtu."

"Hukumwambia mtu nini?"

"Niliwadanganya wale wa kamati. Siku ile nilitoka. Dakika ishirini hivi." Alisema bila kumtazama, macho yakiwa kwenye kioo. "Niliwaona mnavyoangaliana, wewe na yule kijana. Chumba kile hakijawahi kuona vijana wakipendana tangu nianze. Nikasema niwapishe kidogo, nikaenda kukaa kwenye ngazi. Basi ukurasa ulipopotea nikajua. Nikajiambia, nikisema nilitoka, watamuuliza yule binti, na chuo kitamfukuza. Bora wanishike mimi, nimekwisha zeeka."

"Mzee Merv, ulidhani ni mimi?"

"Ulikuwa unaihitaji kuliko mtu yeyote," Mzee Merv alisema. "Na nilijua ukishamaliza kuisoma utairudisha."

Rosalba alikaa chini pale pale, kwenye udongo wa vitunguu, na ndipo, kwa mara ya kwanza siku ile, akalia.